T-34-85 kwa kipimo cha 1/72: kuunda, kupaka rangi na kuchakaza kifaru pamoja na askari wake

Karibu mezani. Leo tunaunda T-34-85, kifaru cha Wasovieti kilichoingia vitani mwaka 1944, kwa kipimo cha 1/72. Kikikamilika kitakuwa na urefu wa sentimita 11 hivi pamoja na mzinga wake, na askari akisimama pembeni hatafika sentimita mbili na nusu. Kabla hujafungua boksi, shika hesabu hii: milimita moja hapa mezani ni zaidi ya sentimita saba kwenye kifaru chenyewe. Tone la gundi lililoganda, kwa udogo huu, ni uvimbe wa ukubwa wa ngumi.

Osha fremu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta yanayozuia rangi kushika. Zikikauka, kata kipande kwa koleo ndogo, ukiacha kisiki kidogo, kisha kisawazishe kisiki hicho kwa kisu na msasa laini. Usinyofoe kwa vidole. Kipande kitatoka na shimo.

Gundi tunayotumia ni ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki. Bana vipande viwili pamoja kwanza, halafu gusa kiungo kwa ncha ya brashi. Tazama hapa: gundi inajipenyeza yenyewe hadi mwisho wa ufa, wala hakuna kilichomwagika nje.

Sasa minyororo, na hapa naomba utulie nami. T-34 ina magurudumu matano makubwa kila upande, na haina vile vigurudumu vidogo vya juu vya kushikilia mnyororo. Kwa hiyo mnyororo wa juu hulala juu ya magurudumu yenyewe, ukibonyea kati ya moja na jingine. Ukiuacha umenyooka hewani, kifaru chote kinapoteza uzito. Ujaribishe sasa, lakini usiugandishe. Tutaupaka rangi peke yake. Siku ya kuufunga, weka tone dogo la supaglu juu ya kila gurudumu, kandamiza kwa kijiti na uhesabu polepole mpaka ushike. Kumbuka gurudumu lenye kazi ya kuvuta mnyororo liko nyuma.

Puliza praima ya kijivu, rangi ya kwanza inayosaidia nyingine kushika, kwa tabaka nyembamba. Ikikauka, fuata na kijani cha Kisovieti, kile kiitwacho 4BO, cha akriliki. Kichanganye na rangi ya krimu kidogo, kwa sababu rangi halisi ikiwekwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito mno. Sehemu za juu zinazopigwa na jua zipate mchanganyiko mweupe zaidi.

Kisha vanishi ya kung'aa, ndipo ubandike namba za kuloweka majini. Zikibandikwa kwenye rangi kavu isiyong'aa hunasa hewa chini na kuacha weupe pembeni. Ukitaka kifaru cha Berlin, Aprili 1945, zungusha mstari mweupe kwenye mnara, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, na uchore msalaba mweupe juu ya paa lake, alama ya kutambulika na ndege za upande wao. Usitumie rula. Alama hizo zilipakwa kwa mkono katikati ya vita.

Uchakavu ndio ninaoupenda kuliko yote, na sheria yangu ni moja: kila doa liwe na aliyelisababisha. Punguza rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea kwa spiriti ya kupunguzia rangi za mafuta (white spirit) mpaka iwe nyepesi, uiguse kwenye boliti na viungo tu. Spiriti haitaiharibu akriliki iliyokauka chini ya vanishi. Baada ya nusu saa, chukua brashi safi yenye unyevu wa spiriti na uivute kutoka juu kwenda chini, jinsi mvua inavyoteremka kwenye ubavu.

Mikwaruzo ipige kwa kipande cha sponji chenye kahawia nzito, kilichokaushwa kwanza kwenye karatasi. Iweke mahali buti hukanyaga: midomo ya milango, kingo za mabamba, vishikio ambavyo askari hujivutia. Kutu iache kwenye mabomba mawili ya moshi nyuma. Vifaru hivi havikuishi vitani muda wa kutosha kuoza, kwa hiyo mabaka ya rangi ya chungwa yaliyotapakaa kila mahali hayasemi ukweli.

Puliza vanishi isiyong'aa sasa, kabla ya vumbi. Ikija baadaye, vumbi litamezwa. Sugua unga wa rangi ya udongo kwenye magurudumu na sehemu ya chini ya bodi, ukigandisha kwa tone la spiriti. Tope la juu liwe jepesi na kavu, la chini liwe jeusi na bichi.

Tuje kwa askari. Wa kipimo hiki wengi ni wa plastiki laini ambayo gundi yetu haiishiki, na msasa huiacha na manyoya. Tumia wembe mpya na supaglu. Usichore macho, kivuli chembamba chini ya paji la uso kinatosha. Wanaokaa nyuma ya mnara, juu ya injini, wapunguze makalio mpaka wakae kweli, pasiwe na mwanga chini yao. Choma waya mwembamba kwenye paja, toboa tundu kwenye bodi, umkalishe. Buti zake zipate vumbi lile lile la magurudumu, na pale alipokaa futa vumbi kidogo.

Mwisho kabisa, pitisha penseli laini kwenye meno ya mnyororo yanayogusa ardhi, ili chuma king'ae pale tu kinaposuguliwa.