Lile kaburi la Dessau ni la nani? Nawajibu mara moja tu

Haya jamani mambo, leo sina hata salamu ndefu maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tangu niweke ile video ya Dessau, mji huku Ujerumani, ni hilo hilo, dada lile kaburi ni la nani, na wewe makaburini ulifuata nini. Wengine mshaanza, eti naringia Ulaya, eti nasifia Wajerumani. Mimi Mngoni, walichofanya Songea 1906 kwenye Vita vya Majimaji hamna haja ya kunihadithia.

Siku ile nilikuwa na hasira zangu. Nimetoka ofisi moja siitaji, barua yao kurasa tisa, ukisoma yote kumbe wanataka muhuri mmoja kwenye tafsiri ya cheti cha kuzaliwa, na mtafsiri aliyeapishwa kashanila euro 70. Nikapanda treni mpaka Dessau nikapunge upepo.

Jamaa wa lile kaburi anaitwa Oswald Boelcke, Mjerumani, mtoto wa mwalimu, ana pumu, na bado akawa rubani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Ndege zenyewe za enzi hizo mbao na kitambaa, kila rubani anapigana kivyake, yeye 1916 akaandika sheria nane za kupigana angani. Nane tu! Jua liwe mgongoni kwako, usifyatue mpaka adui awe karibu kabisa, ukishaanza usiishie njiani, mkashambulie wanne wanne au sita sita. Kikosi chake akachagua vijana mwenyewe, mmojawapo ndo yule Richthofen, rubani maarufu wanayemwita Red Baron.

Sasa ile sheria ya mwisho inasema mkitawanyika, msimkimbilie adui mmoja watu kibao. Tarehe 28 Oktoba 1916 yeye na rafiki yake Erwin Böhme wanamfukuza Mwingereza mmoja, mmoja! Wakakwepa ndege nyingine iliyokatiza, magurudumu ya Böhme yakagusa bawa la Boelcke. Kuguswa tu hivi. Helmeti hakuvaa, mkanda hakufunga vizuri, akaanguka akafa. Miaka 25, ndege 40 kashaangusha, na Waingereza haohao wakaja kudondosha shada la maua kutoka angani.

Nilisimama pale nikamuonea huruma zaidi Böhme, ndo hivyo.

Na nyie mnaouliza vyeti mtafsirie huko nyumbani au huku, mi siwezi kusema, kila mtu na ofisi yake. Mimi yangu imerudishwa, eti muhuri hausomeki.