Kupiga Picha Kupitia Kioo Chenye Mvuke kwa Jicho la Mchoraji

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutapiga picha moja ya mtaani kupitia kioo chenye mvuke, kwa kufuata njia ya Saul Leiter, Mmarekani aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1923, akaacha masomo ya dini na kuhamia New York mwaka 1946 kwa nia ya kuwa mchoraji. Kamera aliizoea baadaye, lakini kuchora hakuacha, na jicho hilo la mchoraji linaonekana wazi katika picha za rangi alizoanza kupiga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ambapo wapiga picha wengi wa sanaa waliona kwamba rangi ni ya matangazo ya biashara.

Anza na hali ya hewa. Subiri siku ya mawingu mazito, kwa sababu siku hiyo anga lote huwa chanzo kimoja kikubwa cha mwanga, vivuli hulainika, na rangi ya nguo au ya gari hubaki na uzito wake. Mvua ikiwa imeshanyesha ni vizuri zaidi, kwani utando wa maji juu ya vitu hupunguza mwanga unaotawanyika, hivyo rangi hukolea.

Sasa tafuta kioo, kwa mfano cha mkahawa, na ukae ndani ukitazama nje. Mvuke hujitokeza pale hewa ya joto yenye unyevu inapogusa kioo cha baridi. New York wakati wa majira ya baridi hushika upande wa ndani. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi utaukuta upande wa nje, na itakubidi uinuke kwenda kuufuta.

Funga lenzi ndefu, ya kati ya milimita 85 na 135. Leiter mwenyewe alitumia hata ya milimita 150, ingawa wapiga picha wengi wa mtaani walipendelea lenzi pana. Ukisimama mbali na kutumia lenzi ndefu, ukuta, mpita njia na taksi huonekana kubanana kana kwamba vimepakwa juu ya uso mmoja, na hapo ndipo picha inapoanza kukaribia mchoro. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8, weka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1/250, kisha zima otofokasi, yaani kamera kujilenga yenyewe, maana itahangaika kati ya matone ya kioo na mtaa. Lenga matone kwa mkono. Mizani ya nyeupe, yaani jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga, iweke kelvini 5500 na usiiache ijipange yenyewe, kwa sababu itaondoa ubuluu wa jioni na umanjano wa taa za dukani, ambavyo ndivyo tunavyovitafuta.

Kipimo cha mwanga cha kamera kitaufanya ukungu mweupe wa kioo uwe wa kijivu. Wengi hapa huongeza mwanga. Mimi nakushauri uache kijivu hicho, kwa kuwa nyekundu huwaka juu ya kijivu kuliko inavyowaka juu ya nyeupe. Fungua histogramu ya rangi tatu, yaani grafu inayoonyesha mwanga wa kila rangi, na uangalie ile nyekundu peke yake, kwani inaweza kugonga ukingo wa kulia wakati mwanga wa jumla bado unaonekana salama, na mwavuli mwekundu, kwa mfano, ukawa doa lisilo na mikunjo.

Tazama kioo kwa karibu. Futa mstari mwembamba wa upana wa vidole viwili, kisha acha maji yatiririke. Mtu mwenye koti jekundu akipita nyuma ya ukungu, koti lake ni wekundu usio na kingo; akifika kwenye mstari uliofutwa, ghafla lina umbo la kola na mkono. Bonyeza wakati nusu yake iko huku na nusu iko kule.

Kamera iwe wima, na rangi kali iwe moja. Mimi hujiwekea kipimo kwamba isizidi sehemu ya kumi ya fremu. Hicho si kipimo cha Leiter, ila ukitazama picha yake iitwayo Footprints, ya mwaka 1950 hivi, utaona mwavuli mmoja mwekundu katika theluji, na katika Canopy ya mwaka 1958 sehemu kubwa ya juu imemezwa na weusi wa kitambaa cha kuzuia mvua, huku mtaa ukibakiwa na ukanda mdogo chini. Usiogope eneo kubwa lisilo na kitu.

Katika kuhariri, usiongeze ukali wa kingo wala usifumue vivuli ili kuonyesha kilichomo. Punguza kijani kidogo ikiwa kioo kimeipaka picha yote, kisha chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu karatasi inayong'aa huakisi taa za chumba juu ya maeneo yale meusi.