Miksi za Redio Zilizobaki Ndani ya Boksi la Viatu

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo tunarekodi ndani ya kibanda cha mwenzangu, hapa Mwanjelwa jijini Mbeya, na mlio mnaousikia nyuma yetu ni wa mvua juu ya bati, kwa hiyo mtuvumilie. Mezani kuna boksi la viatu lenye kaseti 31 za miksi za redio, yaani nyimbo ambazo DJ aliziunganisha moja baada ya nyingine hewani. Zote ni zangu, na nilizitoa nyumbani kwa mama, Iringa, wiki iliyopita. Fundi, shikamoo.

FUNDI: Marahaba, Mwalimu. Pole na safari. Kaseti zako nimezipitia tangu asubuhi, nikaona nyingi ni za dakika 60, chache ni za 90, na moja ni ya 120, ambayo nakuomba usiiguse mpaka nikuambie. Mkanda wa dakika 120 ni mwembamba kuliko ile mingine, kwa sababu urefu wote ule lazima uingie katika kasha la ukubwa uleule, na ndiyo maana redio zilikuwa zinaula kuliko zote.

MWALIMU: Lakini ndiyo niliyokuwa naitamani, Fundi. Miksi ya saa nzima ukiirekodi kwenye kaseti ya dakika 60, upande wa kwanza unakwisha wimbo ukiwa katikati, na wakati unaigeuza kwa haraka, DJ ameshavuka kwenda wimbo mwingine. Hadi leo kuna wimbo mmoja ambao nikiusikia kwenye daladala, masikio yangu yanasubiri ukatike pale ulipokatikia mwaka ule.

FUNDI: Ungechukua ya 90, ambayo ina dakika 45 kila upande, ungekatwa vilevile, ila mara chache zaidi.

MWALIMU: Ya 90 ilikuwa ghali kwa mwanafunzi. Tuwaeleze kwanza wasikilizaji wetu vijana miksi hizi zilitoka wapi, maana wanaweza kudhani kwamba redio za muziki zilikuwapo siku zote. Nilipokuwa shule ya msingi, redio ya ndani tuliyoijua ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kulikuwa na salamu, taarifa ya habari, na muziki wa bendi zetu, na tuliupenda sana, lakini DJ anayeunganisha nyimbo kwa saa nzima bila kuacha pengo tulikuwa hatujamsikia. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. DJ Show yao, waliyoitangaza akina Mike Mhagama na Taji Liundi, ndiyo iliyowafanya vijana wengi wa Dar es Salaam wakae na kidole juu ya kitufe cha kurekodi.

FUNDI: Wa Dar es Salaam, umesema vyema. Huku kwetu ilikuwa bahati nasibu. Usiku mwema unaipata stesheni, usiku mwingine unasikia mvumo tu na mtu anayeongea kama yuko ndani ya pipa. Kwa hiyo miksi nyingi zilizofika Mbeya hazikupita hewani, zilipita relini. Mtu alirekodi Dar es Salaam, akamkabidhi ndugu anayepanda treni ya TAZARA, na kaseti ikashushiwa hapa ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Baada ya siku mbili mtaa mzima umeshainakili.

MWALIMU: Zangu zilikuja na kondakta wa basi. Binamu yangu alikuwa anaishi Magomeni, na kila mwisho wa mwezi alinitumia moja. Nilichopenda, ingawa wakati ule sikujua kwamba ninakipenda, ni kwamba mtangazaji alikuwa anataja saa. Tuko jikoni Iringa, saa sita mchana, mama anapepeta mchele, na redio inatangaza kwamba ni saa tatu na robo usiku. Kisha linakuja tangazo la disko la Ijumaa, ambayo ilikuwa imekwishapita wiki mbili, katika ukumbi ulioko zaidi ya kilomita 400 kutoka pale nilipokaa. Nami nilikuwa ninapanga nguo ya kuvaa.

FUNDI: (anacheka) Sasa hapo umegusa jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria. Wateja wanaoniletea kaseti siku hizi ni wachache, lakini karibu wote hawaniulizi habari za wimbo. Wimbo anao kwenye simu, tena safi kuliko huu wangu. Anachotaka ni ile namna wimbo mmoja ulivyoingia ndani ya mwenzake, na sauti ya yule DJ juu yake. Hiyo haikuuzwa dukani. DJ alikuwa na santuri mbili zinazozunguka, moja inasikika hewani na nyingine anaisikiliza peke yake kwenye hedifoni, huku akikivuta taratibu kile kitelezi cha kurekebisha mwendo mpaka ngoma za huku zilingane na ngoma za kule. Wiki iliyofuata angeziunganisha nyimbo zilezile kwa namna nyingine. Kama hakuna aliyebonyeza kitufe usiku ule, imekwenda.

MWALIMU: Na hapo ndipo ninapojuta, Fundi, tena niliona aibu nilipokuwa ninazisikiliza juzi. Zile nilizorekodi mwenyewe, baada ya kupata redio kaseti yangu na mawimbi yakiwa mazuri, nilimkata DJ. Nilikaa na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, na kila alipofungua mdomo nilibonyeza. Nilitaka wimbo mtupu. Nilijiona fundi hasa, na wenzangu darasani walisema kaseti zangu ni safi kuliko za dukani. Kati ya kaseti hizi 31, zilizobaki na sauti ya mtangazaji ni 4 tu, na zote ni za binamu yangu, ambaye alikuwa mvivu akaiacha redio ijirekodi yenyewe. Hizo 4 nimezisikiliza mara mbili mbili. Zile 27 safi sikuwa na hamu nazo.

FUNDI: Usijilaumu sana. Kila kijana alifanya hivyo, nami niliwauzia kaseti za kufanyia hivyo.

MWALIMU: Hii nyingine ina kasoro ambayo sikuielewa. Mwimbaji ni mwanamume mwenye sauti nzito, ninamfahamu, lakini humu anaimba kama mtoto wa chekechea.

FUNDI: Hiyo ni betri. Ulirekodi betri zikiwa zimechoka, mota ikawa inazunguka polepole, na sauti ikajiandika kwenye mkanda kwa mwendo huo mdogo. Leo nimeicheza kwa umeme, mwendo uko sawasawa, kwa hiyo kila kitu kinakimbia na sauti inapanda juu. Mkanda unapita mbele ya hedi, kile kichwa kidogo kinachorekodi na kusoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, na ukipunguza kidogo tu sikio linajua.

MWALIMU: Tuliziweka juani, juu ya bati.

FUNDI: Kila mtu aliziweka juani. Iringa mna jua. Hapa Mbeya mwezi wa Juni na wa Julai unaianika betri asubuhi, jioni unaitoa ikiwa baridi kuliko ulivyoiweka. Mimi nilikuwa ninamwambia mteja afiche betri jikoni karibu na moto, ila si juu ya moto, maana kuna mmoja alizitia kwenye jiko la mkaa na nyumba nzima ikatoka nje.

MWALIMU: Na hizi zenye weupe ndani?

FUNDI: Ukungu. Tazama hapa kwenye kidirisha, unaona unga mweupe pembeni mwa mkanda uliojiviringa? Kaseti zinazotoka Tukuyu na Rungwe yote zinaniletea taabu hiyo zaidi, kwa sababu kule mvua hainyeshi kwa msimu, inakaa. Kosa kubwa ni kuitia kwenye redio mara moja ili kusikiliza kama bado nzima, maana ukungu unahamia kwenye hedi, na kutoka kwenye hedi unahamia kwenye kaseti inayofuata. Ninaifungua kasha, ninauzungusha mkanda taratibu kwa mkono huku unapita katikati ya pamba kavu, na hedi ninaisafisha kwa spiriti kila baada ya upande mmoja. Zako ni tatu za namna hiyo. Nyingine moja ilikatika, na mtu aliiunga kwa rangi ya kucha.

MWALIMU: Ni mimi.

FUNDI: Imeshika kwa miaka yote hiyo. Halafu kuna zile zinazosikika kama zimefunikwa blanketi. Hizo si mbovu. Hedi ya redio iliyorekodi ilikuwa imekaa upande kidogo. Kuna skrubu ndogo kando ya hedi, ninaigeuza kwa bisibisi huku ninasikiliza, robo mzunguko, chini ya robo, mpaka ule mlio wa matoazi unatokea. Kompyuta haiwezi kukurudishia ulichokosea hapo, kwa hiyo wanaohamisha kaseti zao nyumbani wasianze na kompyuta, waanze na bisibisi.

MWALIMU: Nimebakiza hii moja, na nilitaka tuisikilize pamoja. Ni kaseti ya kwaya, mama aliinunua kanisani. Ilikuwa imevunjwa vile vijino vya juu ili isirekodiwe tena. Nilikunja karatasi ya daftari nikaziba matundu, na nikairekodia miksi juu yake, kwa kuwa sikuwa na kaseti nyingine na kipindi kilikuwa kimeshaanza.

FUNDI: Karatasi bado imo.

(Inasikika sauti ya DJ akiaga, mlio wa kitufe, kisha kwaya inaendelea kuanzia katikati ya ubeti.)

MWALIMU: Hapo. Miksi ilikwisha kabla ya upande, na kilichokuwa chini hakikufutika. Mama aligundua Jumapili, alipotaka kuisikiliza akivaa, na sitawasimulia wasikilizaji kilichofuata.

FUNDI: Imebaki kiasi gani?

MWALIMU: Dakika nne. Nilipomwambia ninazileta kwako, aliagiza umhamishie hizo dakika nne kwenye simu yake, na akasema hiyo miksi nibaki nayo mwenyewe.