Puli Iliyokula Mikanda Miwili

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo. Leo siko barabarani kuwaonyesha theluji kama mlivyozoea. Nipo katika chumba cha chini ya nyumba yetu hapa Minneapolis, Marekani, nimepiga magoti mbele ya mashine ya kukaushia nguo, na kabla sijaendelea nawaomba msikilize mlio niliourekodi jana usiku. Ni mlio mwembamba wa kukereza, ambao huanza mara tu ngoma ya mashine inapozunguka na kuzidi kadiri mashine inavyopata joto.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nisianike nguo kambani. Wakati wa joto huwa naanika, lakini mwezi Januari, kipimajoto kinaposhuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, shuka lililoanikwa nje hukakamaa hata ukaweza kulisimamisha ukutani kama ubao. Katika nyumba yenye watoto watatu, mashine hii hufanya kazi karibu kila siku.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana mkanda unaoizungusha ngoma ulikatika, nikanunua mwingine, nikaufunga mwenyewe na kujisifu mbele ya mke wangu kwamba nimeokoa fedha za fundi. Haikupita miezi mitano, mkanda huo mpya ukaanza kuchanika ukingoni. Nilikuwa nimetuliza homa kwa dawa ya maumivu huku malaria ikiendelea. Mkanda haukuwa na ubaya wowote. Aliyekuwa akiula ni puli, yaani kigurudumu ambacho mkanda hupita juu yake.

Sasa tazameni hapa. Mota ya mashine kama hii huzunguka takriban mara 1,725 kwa dakika, ilhali ngoma inayobeba nguo huzunguka mara 50 hivi. Kinachoziunganisha ni mkanda mmoja mrefu na mwembamba, unaoizunguka ngoma yote na kushuka hadi kwenye kijipuli cha mota. Ili mkanda usilegee, pembeni mwa mota kuna puli nyingine ndogo, aghalabu ya plastiki, iliyowekwa kwenye mkono wenye springi, na kazi yake ni kuusukuma mkanda ubaki umekaza. Puli hiyo ina kipenyo cha sentimita 6 hivi, kwa hiyo ngoma inapozunguka mara 1, yenyewe huzunguka zaidi ya mara 10. Piga hesabu ya dakika 45 za kukausha nguo: ni mizunguko zaidi ya 20,000 juu ya pini moja ndogo ya chuma, katika joto, tena katikati ya vumbi la nyuzi.

Hesabu hiyo ndiyo inayonisaidia kutambua ugonjwa kabla sijashika bisibisi. Ngoma humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1 na kidogo. Kwa hiyo ukisikia kishindo kimoja kila baada ya muda huo, shaka yako ielekee kwenye ngoma yenyewe au kwenye kiungo cha mkanda. Vishindo vinavyofuatana kwa haraka zaidi mara nyingi hutoka kwenye magurudumu yanayoibeba ngoma. Ama mlio mwembamba usiokatika, kama huu wangu, hutoka kwenye kitu kidogo kinachozunguka kwa kasi, na hapo puli ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hata hivyo mshukiwa hahukumiwi kwa kusikia tu. Nimechomoa plagi ukutani, na ninasisitiza kuchomoa, si kuzima swichi peke yake, kwa sababu mashine hii inatumia volti 240. Wenye mashine ya gesi wafunge na valvu ya gesi. Nimevaa glavu, kwani kingo za bati ndani humu hukata kama wembe. Kwa aina hii ya mashine nimefungua skrubu mbili zilizo karibu na chujio, nikainua kifuniko cha juu, nikachomoa waya za swichi ya mlango baada ya kuzipiga picha, kisha nikaondoa bati la mbele huku nimeishikilia ngoma isianguke. Aina nyingine hufunguliwa kwa njia tofauti, kwa hiyo tafuteni mwongozo wa mashine yenu.

Sogeeni karibu na kamera. Huu unga mweusi chini ya puli ni mpira wa mkanda uliosagika. Nimekwisha kuutoa mkanda kwenye puli; sasa naizungusha kwa kidole. Puli isiyo na hitilafu huzunguka kwa ulaini na kimya. Hii inakwama, inakwaruza, na nikiitikisa kushoto na kulia inachezacheza, kwa maana bushi yake, yaani kile kibomba cha katikati kinachovaa pini, imelika na tundu limepanuka. Puli ikikaa upande, mkanda nao huvutwa upande, ukingo wake ukasuguliwa mpaka ukachanika.

Msishawishike kutia mafuta. Nilijaribu mwaka jana: mlio ulinyamaza kwa wiki moja, kisha mafuta yakanasa nyuzi na kugeuka matope. Isitoshe, nyuzi hizo hushika moto kwa urahisi, na hapa Marekani kutosafisha mashine ndiko chanzo kikuu cha moto wa mashine za kukaushia nguo. Ndiyo maana kila nikifungua bati hufyonza vumbi lote kwanza.

Kabla ya kuweka puli mpya, iliyonigharimu dola 14, napitisha ukucha juu ya pini. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, pini nayo imelika, na itabidi kununua mkono mzima, la sivyo puli mpya haitadumu. Yangu ni laini, alhamdulillahi. Naweka puli, narudisha klipu yake, kisha mkanda mpya: upande wenye mistari unagusa ngoma na mota, na mgongo wake laini ndio unaopita juu ya puli. Naizungusha ngoma kwa mkono mara kadhaa ili mkanda ujipange katikati kabla sijafunga bati.

Nawajibu pia wanaoniuliza kama wanaweza kununua mashine hizi huku na kuzipakia kwenye kontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa kufungua udobi. Ushauri wangu ni kutofanya hivyo. Hita ya mashine hii hutumia volti 240 kutoka kwenye waya mbili za moto, yaani zinazoleta umeme, lakini mota yake hutumia volti 120 tu, kati ya waya mmoja wa moto na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Kule nyumbani Afrika Mashariki, waya mmoja wa moto pekee una volti takriban 230. Fundi asiyeijua tofauti hiyo ataipa mota karibu maradufu ya umeme iliyoundiwa, nayo itaungua. Hata akitumia transfoma ya kupunguza volti, umeme wa kule ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali mota ni ya hezi 60, hivyo itazunguka polepole zaidi na kupata joto kupita kiasi. Nunueni mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani.

Haya, nimefunga bati, nimerudisha plagi, nimetia taulo mbili zilizolowa. Nawasha. Kinachosikika ni upepo tu, na kitu kinachogonga ngoma mara kwa mara. Nadhani ni sarafu iliyosahauliwa humo ndani. Ngoja nizime niitoe.