Nipo Chicago wana Tanga, njooni muone mkonge ulivyofika huku

Haya wana Tanga hamjambo, Ngamiani mpo, Chumbageni mpo? Leo nipo Chicago, na haya maji mnayaona nyuma yangu najua mtu wa Raskazone ashasema hiyo bahari, hapana bwana, hili ni ziwa, Ziwa Michigan, maji baridi kabisa hayana chumvi. Na watu wa Mwanza msije juu, Victoria ni kubwa kuliko hili, tulieni.

Sasa mji huu umepata kasheshe na maji yake. Mwaka 1837 ndo unatangazwa mji, watu kama elfu nne tu, kufika 1890 washapita milioni moja, sasa jiulize choo cha watu milioni kinakwenda wapi, samahanini mnaokula. Kinaingia mtoni, mto unamwaga ziwani, na maji ya kunywa yanavutwa humohumo ziwani! Jamaa wakachimba mfereji wa kama kilomita 45, chini kuliko ziwa, na mwaka 1900 mto ukageuzwa, badala ya kuingia ziwani ukawa unatoka ziwani kwenda bara mpaka unakutana na Mississippi. Watu wa St. Louis huko chini wakaletewa uchafu wa wenzao, jimbo lao likaenda mahakama ya juu kabisa ya Marekani, 1906 wakashindwa. Mi naona walionewa, wallahi.

Moto wa 1871 uliounguza mji huu mmeshausikia, watu kama 300 walikufa na laki moja hawana pa kulala, lawama akatwishwa ng'ombe wa mama mmoja mhamiaji, ikabidi baraza la mji limsafishe 1997, mama wa watu kaburini zamani.

Lakini niliyokuja kuwaambia leo ni haya. Hapa palikuwa na kiwanda cha McCormick, wanatengeneza mashine za kuvuna ngano, na zikaja mashine zinazovuna halafu zinafunga ngano mafungu mafungu kwa kamba, na kamba ile inataka nini? Mkonge jamani! Wakati huo ulitoka Mexico, wa kwetu bado, maana Mjerumani Hindorf kaleta miche 1893 kutoka Florida, ikapona 62 tu ikapandwa Kikogwe pale Pangani, na mengine mnayajua, babu zetu wameumaliza mgongo kwenye mashamba yale.

Sasa Mei 1886 wafanyakazi wa mji huu wanagoma, wanataka kazi iwe saa nane kwa siku, tarehe 3 polisi wakawapiga risasi watu nje ya kiwanda hichohicho cha McCormick, kesho yake mkutano wa kulalamika pale Haymarket, mtu akarusha bomu, mpaka leo hajulikani nani, polisi wakafyatua hovyo, watu wanne wakaja kunyongwa 1887 na hakuna ushahidi kwamba walirusha wao. Ndo Mei Mosi hiyo, ile mnayoandamana na fulana na kofia mkisubiri kusikia mshahara umepanda! Na kichekesho Wamarekani wenyewe siku hiyo wanakwenda kazini kama kawaida, sikukuu yao ya wafanyakazi wameipeleka Septemba.

Haya twende tumalizie kwa jirani zetu. Hapo mbele ni makumbusho ya Field, ndani wamo wale simba wa Tsavo, waliokuwa wanakula wajenzi wa reli hapo juu yetu tu Kenya, 1898. Hawana manyoya ya shingo, na ukiwaona utasema hawa ndo waliotisha watu? Ni kwamba Patterson aliyewaua aliwafanya mazulia ya sakafuni robo karne nzima, ndo akawauzia makumbusho 1924 kwa dola elfu tano, kwa hiyo ngozi ilishakatwa na kusagika, wakawashona hivyohivyo wadogo. Kiingilio lakini si cha mchezo, mtaniona nikilia mbele ya kaunta, twendeni.