Jicho la Kamba Jike

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Najua wengi mmekuja kusikia habari za mabwawa, ila leo bwawa naliweka kando. Mwenye hela bwawa atachimba. Vifaranga vya kulijaza je, atavitoa wapi? Hapo ndipo ufugaji wa kamba unapokwama.

Mjapani Motosaku Fujinaga aliwatagisha kamba wa kwao na kulea viluwiluwi vyao tangu miaka ya 1930. Sisi tumtazame Penaeus monodon, yule mkubwa mwenye milia, anayevuliwa hapa pwani. Mweke jike tangini: atakula, atanenepa, na mayai hayaivi. Sababu iko jichoni. Ndani ya kikonyo cha jicho mna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai yasikomae. Ndiyo maana vituo vingi vya kutotolesha hukata au kuminya kikonyo kimoja, na baada ya siku chache mayai huanza kuiva.

Mbinu inafanya kazi, sibishi. Lakini jike huchakaa haraka, na mayai yake huzidi kuwa hafifu kila anapotaga. Mimi ningetangulia na chakula: ngisi, kome, minyoo ya baharini, maji safi ya nyuzi 28 hivi, mwanga hafifu, na vijana waache kugongagonga ndoo. Kwa vannamei, wale wa Amerika, wapo wanaotagisha bila kugusa jicho. Monodon ni mkaidi zaidi.

Halafu kuna suala la gamba. Jike wa monodon hupandwa usiku, punde tu akishajivua, mwili ukiwa bado laini. Dume humwachia kifuko cha mbegu chini ya kifua. Akijivua tena kabla ya kutaga, mbegu zinakwenda na gamba. Kwa hiyo mkiokota gamba tangini asubuhi, mjue mayai ya huyo hayatarutubishwa mpaka apandwe upya.

Usiku mmulikeni kwa tochi. Mkiona mgongoni mstari wa kijani kibichi uliokolea toka kichwani hadi mkiani, umetanuka kama almasi kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, mhamishieni tangi la kutagia: huyo ni wa usiku huohuo. Anaweza kutoa mayai laki kadhaa, na huanguliwa baada ya saa 12 hadi 18.

Wakishaanguliwa, zimeni pampu ya hewa, wekeni taa upande mmoja. Viluwiluwi wenye nguvu watakimbilia mwanga, mwachote hao. Wanaobaki chini waacheni. Kwa siku mbili hivi wanaishi kwa kiini cha yai. Wakishaingia hatua inayofuata ya uluwiluwi, iitwayo zoea, wanataka mwani mdogo, kama Chaetoceros, saa hiyohiyo. Ukichelewa wanakufa tangi zima. Na mwani hauoteshwi kwa usiku mmoja, kwa hiyo uanzeni kabla hata jike hajafika kituoni. Chakula cha Artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, kitafuata baadaye, katika hatua ya uluwiluwi inayokuja baada ya zoea, iitwayo maisisi.

Haya, maswali. Naona mama pale nyuma ameshanyoosha mkono.