Kiti cha Mbele

Ndugu zangu, leo naomba tuangalie kiti kimoja tu: kiti cha mbele cha Stearman, ndege ya mafunzo ya kijeshi iliyotengenezwa Wichita, Kansas, yenye bawa la juu na bawa la chini, mbao zilizovikwa kitambaa.

Viti vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi, upepo unakuchapa usoni. Mwalimu alikaa mbele, mwanafunzi nyuma. Mwalimu alisemea kwenye mpira uliokwenda hadi masikioni mwa mwanafunzi, na mpira ule ulikuwa wa njia moja. Mwalimu anaelekeza, anakemea, na mwanafunzi hana pa kujibia. Jibu lake ni jinsi ndege inavyokwenda.

Na ndege yenyewe haikuwa na huruma. Ikiwa chini, pua imeinuka, rubani haoni mbele, kwa hiyo anaiendesha upogoupogo ili achungulie pembeni. Magurudumu yake makubwa yamekaribiana. Ukizembea kidogo wakati wa kutua, inajizungusha ghafla na ncha ya bawa inakwangua ardhi. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000, na jeshi la Marekani liliwapitishia vijana wake humo kabla ya kuwakabidhi ndege kubwa zaidi.

Sasa twende Tuskegee, Alabama. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kiliandika ripoti kudai kwamba mtu mweusi hana akili wala ujasiri wa kutosha vitani. Nataka mkumbuke ripoti hiyo, maana ndiyo iliyokuwa ikijibiwa kila asubuhi kwenye Moton, uwanja wa ndege wa hapo Tuskegee. Julai 1941 walianza mafunzo ya urubani vijana weusi 13. Machi 1942 wakahitimu 5. Hadi mafunzo yanafungwa mwaka 1946, marubani weusi walikuwa wanakaribia 1,000. Mwalimu mkuu wa Moton alikuwa Charles Alfred Anderson, naye mtu mweusi. Fikirieni basi sauti iliyopita ndani ya mpira ule: sauti ya mtu mweusi ikimfundisha mwenzake jambo ambalo taifa lake liliandika kwamba yeye hawezi kulifanya.

Vita vya Pili vya Dunia vikaisha, ndege zikauzwa kwa bei ya chini. Wakulima na wanyunyizaji dawa walizichangamkia. Kiti cha mwalimu kiling'olewa, mahali pake likawekwa tangi la dawa. Injini ya nguvu za farasi 220 mara nyingi ilibadilishwa kwa ya 450, ndege ibebe uzito na ipande haraka mwisho wa shamba. Rubani alipita juu ya pamba karibu kuigusa, anamwaga DDT, dawa ya kuua wadudu, anapanda, anageuka, anashuka tena, kutwa nzima, na vumbi lile linamrudia mwenyewe. Dawa ilikula hata mabomba ya chuma ya kiunzi. Nyingi zilianguka.

Mojawapo ya zile za Moton, iliyoundwa 1944, ilipitia kazi hiyo ya mashambani. Mwaka 2005 rubani mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani aliinunua ikiwa imeharibika, akaifufua na mkewe, na katika kufuatilia kumbukumbu zake ndipo wakagundua ilikotoka. Marubani wazee wa Tuskegee walipoanza kukutana nayo, walitia saini zao kwa ndani ya mlango mdogo wa sehemu ya mizigo. Mwaka 2011 iliruka yenyewe kuvuka Marekani hadi kukabidhiwa kwa jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, lililofunguliwa Washington mwaka 2016. Leo inaning'inia humo kwenye dari, ya buluu na mabawa ya njano. Tangi la dawa halipo. Kiti cha mwalimu kimerudi mahali pake.